Mume Wangu Hajawahi Kunywa

Mume wangu Kitonga huangua nazi hotelini. Hiyo ndiyo kazi yake, na anayeona ni kazi ya kuchekesha alale chini ya mnazi wa Diani siku ya upepo kabla Kitonga hajapita. Kila asubuhi, wageni wakiwa bado vitandani, yeye huwa amekwishakwea minazi sita au saba na kuangusha nazi zote zilizokomaa, ili Mzungu ajilaze na kitabu chake bila kuvunjwa kichwa. Ana miaka hamsini na minane. Tulipotoka Kitui kuja kukaa huku Bongwe, karibu na Diani, hakujua hata kuukumbatia mnazi. Alifundishwa na Chome, Mduruma mmoja mgema, na watu walikuja kutazama Mkamba akijifunza kukwea. Alianguka mara mbili. Siku ya tatu alifika juu, akakaa huko nusu saa nzima kwa sababu hakuwa amefundishwa kushuka.

Mimi ni Syovata, mkewe. Ni mwepesi wa hasira na mzito wa kusahau. Nasema mapema ili usije ukashangaa. Kitonga ni kinyume changu. Mtu akimkanyaga yeye ndiye huomba radhi. Nilimpenda kwa hilo, na kwa jambo la pili: hakuwa anakunywa. Mdogo wangu Ndolo alikufa kwa pombe, tumbo limejaa maji na macho yamegeuka manjano, na tangu siku ile niliapa kwamba nyumbani kwangu pombe haitaingia hata kwa harufu. Kitonga hakuhitaji kuapishwa. Alikuwa mzee wa kanisa kabla nywele hazijapata mvi, na Jumapili ya meza ya Bwana yeye ndiye aliyebeba sinia.

Miaka mitatu iliyopita alianza kunywa maji bila kutosheka. Tukaenda hospitali ya Msambweni, wakamchoma kidole, wakatuambia ana kisukari. Akapewa vidonge na kadi ya kliniki. Mimi nikarudi nyumbani nikaitoa sukari yote, mfuko na kopo, nikaipeleka kwa jirani. Siku hiyo hiyo nikampigia simu baba yangu Kitui.

Hapa lazima nieleze. Kwetu asali si chakula tu. Kitonga alipokuja kunioa, miongoni mwa vitu vilivyomtangulia nyumbani kwa baba kulikuwa na asali, na baba naye, kila anapofungua mizinga, hutenga dumu la mkwewe. Kulikataa dumu lile ni kumkataa aliyelituma. Baba aliposikia mkwewe hawezi tena kutumia sukari alifurahi karibu aimbe. Alisema sasa atatuma madumu mawili, kwa sababu sukari hutoka kiwandani lakini asali ni dawa. Mimi nikaitikia, maana ni nani kwetu asiyejua kwamba asali ni dawa?

Basi nikamtilia. Vijiko viwili katika chai ya asubuhi. Viwili katika uji wa kwenye flaski, anaokunywa saa nne akipumzika kazini. Viwili jioni, na kimoja katika maji ya ndimu kabla ya kulala. Nilikuwa nasimama karibu yake mpaka amalize, kikombe nikakipokea mwenyewe. Nilijiona mke hodari.

Lakini kipimo cha sukari cha asubuhi kilikataa kushuka. Kumi na mbili, kumi na tatu, na mtu hajala kitu tangu jana.

"Umekula nini wewe?" nilikuwa nikimuuliza.

"Nimekula ndoto," alikuwa akinijibu, akikiweka kile kimashine cha kupimia mezani.

Nilidhani anakula mandazi ya hotelini kwa siri. Nilimwambia mpishi wao mmoja asimpe hata la jana.

Mwaka huu, mwezi wa nne, nikaona amebadilika. Tumbo lilikuwa limemtangulia, mikono imekonda. Alikuwa anachoka. Alikuja kuniambia mwenyewe, kwa aibu, kwamba amefika katikati ya mnazi akashuka, na kwamba kuna uzito unamkaa upande wa kulia chini ya mbavu. Tukarudi kliniki. Wakamtoa damu, wakampiga picha ya tumbo, wakatuambia turudi baada ya wiki moja.

Daktari wetu pale ni msichana aitwaye Gillian, mpole, kila mara hutuanza na shikamoo. Siku ile alisalimia, akaitazama ile picha, akamtazama Kitonga.

"Mzee, ini lako limevimba, na lina mafuta mengi. Damu nayo inaonyesha kwamba linaumia. Kuna swali ambalo lazima niulize. Unakunywa pombe?"

"La."

"Hata mnazi kidogo?"

"La, daktari. Sijawahi."

Alijibu akitazama sakafu. Ndolo pia alikuwa akijibu hivyo, "la, dada, sinywi," macho yake chini, mpaka wiki aliyokufa. Nikakumbuka Kitonga hupitia kwa Chome kila siku akitoka kazini, na kwamba Chome ana mangwe, yaani pale nyuma ya nyumba yake ndipo watu hukaa wakanywa mnazi. Ini, mnazi, macho sakafuni. Sikungoja neno lingine. Nilisimama nikatoka nje nikaketi kwenye benchi karibu na lango.

Kitonga alitoka baada ya muda mrefu akiwa na karatasi mkononi.

"Daktari amesema..."

"Usiniambie."

"Syovata, sikiliza kidogo."

"Nimesema usiniambie."

Akazikunja zile karatasi akazitia mfukoni. Ningemwacha aseme, hata sentensi tatu tu, mengi yaliyofuata yasingetokea. Wenyewe husema hasira hasara, na mimi hasara yangu niliitafuta kwa miguu yangu.

Alhamisi ni siku ya maombi ya akina mama. Kiongozi wetu ni Mumbe, mwanamke mwema, lakini neno likiingia kwake hutafuta mlango wa kutokea. Nikamwambia mume wangu ni mgonjwa wa ini, na kwamba ananificha ulevi wake miaka yote hii. Nililia nilipokuwa nikisema, kwa hiyo akaamini. Maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili, baada ya ibada, wazee walimwita Kitonga katika chumba cha nyuma. Mimi nilikuwa nje dirishani, na sikujificha.

"Mzee mwenzetu, unakunywa?" mchungaji alimuuliza.

"Sinywi."

"Mkeo anasema vingine."

"Mke wangu ana sababu yake ya kuogopa," alisema Kitonga.

Basi. Hakuongeza kitu. Wakamwambia apumzike kidogo na sinia mpaka jambo lieleweke. Alirudi nyumbani, akavua koti lake la Jumapili akalitundika, akaniuliza kama kuku wamepewa maji. Nilitamani anifokee. Mwanamume anayenyamaza hivyo, niliona, ni mwenye hatia.

Zikapita wiki tatu. Nilikuwa nimemnunia hata kulala nampa mgongo, lakini chai nilimpikia na asali nilimtilia vile vile, nikasimama mpaka amalize. Kununa ni kitu kimoja, na kumwacha afe ni kingine. Sikuwa nimeacha kumpenda. Nilikuwa namwogopea, na mimi nikiogopa sura yangu huwa ni ya hasira.

Jumatano moja mchana nikaamua kumaliza mashaka. Nilijifunga leso kiunoni nikaenda kwa Chome. Walikuwepo wanywaji watano, kila mmoja na kata yake ya pombe. Waliponiona wakanyamaza, wawili wakaficha kata nyuma yao kana kwamba mimi ni mama yao.

"Hodi."

"Karibu, shemeji," Chome alisema, akaniletea kigoda. "Leo umetukumbuka. Keti basi."

"Sikuja kuketi. Nimekuja kukuuliza mbele ya hawa. Mume wangu hunywa hapa?"

Chome aliwatazama wale wateja wake, akanitazama mimi. Akanishika mkono kwa adabu, akanipeleka upande wa pili wa nyumba, penye kuni.

"Shemeji, mimi nilimfundisha Kitonga kukwea. Yuaja hapa siku zote, yuaketi pale, yuanywa maji ya mtungini, twapiga soga, kisha huenda zake. Hata povu la mnazi hajalionja. Ningekuwa nadanganya, kamba yangu ikatike nikiwa juu."

Mgema haapi hivyo kwa mzaha.

"Basi lile ini limeharibiwa na nini?"

Akaokota kijiti akaanza kukivunja vipande vipande.

"Nilimwahidi sitasema."

"Chome, watu kanisani wanamwita mlevi. Mimi ndiye niliyewaambia. Sema."

"Ni ile asali," alisema. "Daktari alimwambia tangu mwaka jana. Asema kwa mwenye kisukari asali na sukari ni mamoja, mwili hauchagui. Nami nikamuuliza, kwa nini humwambii mkeo? Akanijibu, 'Yatoka kwa baba yake, na mkono unaonitilia ni wake. Akijua, hatalala tena.' Ile ya kwenye flaski hainywi, humpa askari wa lango la hoteli. Nawe humjui askari yule, shemeji, amenenepa. Lakini ile umpayo ukiwa umemsimamia, hiyo huinywa yote."

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Kikulacho ki nguoni mwako, nimeusema msemo huo kwa watu wengi, nikiwanyooshea kidole. Sikujua kwamba ipo siku kikulacho kitakuwa mimi.

Kesho yake nilikwenda Msambweni peke yangu. Gillian alinikaribisha, lakini akaniambia kwamba mambo ya mzee hawezi kuyazungumza bila mwenyewe kuwepo. Nikamwambia, basi niambie habari za ini la mtu yeyote, la mtu wa barabarani. Akacheka kidogo, akavuta kiti.

"Mama, kwenu Kitui mna ghala la mahindi?"

"Tunalo."

"Basi ini ni ghala la mwili. Mtu akila, linaweka sukari. Asipokula, kama wakati wa kulala, linatoa kidogo kidogo ili mwili usiishiwe nguvu. Insulini, ile homoni ya kuongoza sukari, ndiyo inayoliambia ini, sasa funga, sasa inatosha. Kwa mwenye kisukari cha aina hii, ini halisikii. Linaendelea kutoa hata pasipohitajika. Ndiyo maana asubuhi kipimo kinakuwa juu na mtu hajala kitu."

"Alikuwa ananiambia amekula ndoto," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa, akaendelea.

"Na wakati huo huo ghala linazidi kuletewa. Vitu vitamu vikizidi, ini huvigeuza mafuta na kuyaweka mlemle. Mafuta yakikaa miaka, linavimba, linaumia, linaanza kuwa na makovu. Makovu yakienea linakuwa gumu, na hapo hata tumbo linaweza kujaa maji."

"Kama la mlevi."

"Kama la mlevi, bila tone moja la pombe. Wengi ninaowaona hapa hawanywi kabisa. Nauliza kwa sababu ni lazima kuuliza, mama, si kwa sababu nimeshahukumu."

Aliyehukumu alikuwa mimi. Nikamuuliza swali ambalo nilikuwa nimelibeba njia nzima: je, mtu kama huyo hupona?

"Likishakuwa gumu kote, ni vigumu sana. Lakini la mafuta, lenye makovu machache ya kuanzia, linaweza kurudi nyuma. Apunguze mwili, ashike dawa zake, na vitu vitamu viishe, viwe vya dukani au vya mzingani. Njooni wawili, mama. Safari hii usitoke."

Kitonga alikuwa uani anatengeneza banda la kuku nilipofika. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake, magoti yetu yakikaribia kugusana. Alijua. Akaweka nyundo chini.

"Chome hana kifua," alisema.

"Kwa nini hukuniambia?"

Kitonga huyapima maneno yake kama anayetafuta tawi la kukanyaga.

"Ulimzika Ndolo," alisema, "na mpaka leo hujaacha kujiuliza kama ungeweza kumwokoa. Ningekuja vipi kukwambia kwamba wa pili ni mimi, na kijiko umekishika wewe?"

"Na kanisani? Walikuuliza mbele ya mchungaji. Si ungejitetea?"

"Ningejitetea na nini, Syovata? Niseme si pombe, ni mke wangu?"

Nililia, halafu nikakasirika tena, kwa sababu ndivyo nilivyo. Nikamwambia yeye ni mpumbavu. Nikamwambia angekufa. "Ungekufa kwa adabu, Kitonga. Ungeingia kaburini ukiniambia asante kwa chai."

Alitabasamu kwanza, kisha tabasamu likamtoka, na nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona kwake miaka yote thelathini na mitatu ya ndoa yetu. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka.

"Naogopa," alisema. "Nikiwa juu ya mnazi naogopa siku hizi. Nasikia huo uzito ubavuni nafikiri, hivi ndivyo alivyoanza shemeji yangu."

Nikamshika kichwa nikakilaza kifuani mwangu. Kuku walikuwa wanatoka kwenye banda lisilo na mlango, na hakuna aliyewafuata.

Jioni hiyo nilimpigia baba. Niliogopa simu ile kuliko nilivyoogopa mangwe. Nilimweleza yote, na ile habari ya ghala pia. Mzee akasema, "Mkwe wangu amekuwa akiumia kwa ajili ya heshima yangu, na nyinyi mnanificha? Mwambie dumu langu nimelichukua tena. Mwambie anijie yeye mwenyewe akiwa mzima, hiyo ndiyo heshima ninayoitaka." Nikamwambia Kitonga maneno hayo kama yalivyo. Aliomba niyarudie.

Lilibaki la kanisani. Kitonga alinisihi niliache lijiishie. Nikamwambia kwamba nililianzisha kwa mdomo na litakwisha kwa mdomo.

Jumapili ile, wakati wa ushuhuda, nilisimama. Watu wengi wanajua nikisimama kuna mtu atakayeambiwa, na nikaona migongo kadhaa inajinyoosha. Mumbe alikuwa safu ya mbele.

"Bwana asifiwe," nilisema, wakaitikia. "Niliwaambia mume wangu ni mlevi. Nilisema uongo, ingawa niliuamini. Mume wangu hajawahi kunywa. Ini lake ni gonjwa kwa sababu ya kisukari, na mimi nimekuwa nikilizidishia mzigo kwa kumtilia asali mara nne kwa siku nikidhani ni dawa. Yeye alijua. Alinyamaza ili nisiaibike, akakubali kuaibika yeye. Mlimnyang'anya sinia kwa sababu yangu. Na yeyote mwenye mgonjwa wa kisukari nyumbani akamwulize daktari juu ya asali, asiniulize mimi."

Nilitaka kuendelea kuomba msamaha, lakini maneno yalikwisha. Nikaketi. Hakuna aliyesema amina. Mchungaji alikuwa ameshika Biblia yake kwa mikono miwili bila kuifungua. Nilijua nilichostahili, nikainamisha uso nikangoja.

Kanisani kwetu wanaume hukaa upande wa kulia na wanawake kushoto. Hakuna sheria iliyoandikwa, ni mazoea tu, na sijawahi kuona yakivunjwa. Nikasikia benchi la wanaume likilia. Nilidhani Kitonga amesimama ili aseme neno, na nikaomba moyoni asinitetee. Hakusema. Alikatiza ule ujia wa katikati, taratibu, na lile tumbo lake na lile koti lake la Jumapili, akaja mpaka safu yetu. Wanawake wakasogea. Akaketi kando yangu, bega lake likigusa langu, akafungua kitabu cha nyimbo katika ukurasa ambao mchungaji alikuwa bado hajautaja. Alikaa hapo mpaka ibada ikaisha.